Kumhudumia sungura wa nyumbani mwenye ugonjwa wa tumbo usiojulikana chanzo

Sungura akipitisha saa 10 hadi 12 bila kula na bila kutoa kinyesi, tayari yumo katika hali ya dharura, hata kama macho yake bado yanang'aa na jana jioni alikuwa akirukaruka uani. Mnyama huyu ameumbwa ili utumbo wake usisimame. Hawezi kutapika, na chakula chake huchachushwa na bakteria katika mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, huku nyuzinyuzi ndefu za nyasi zikiusukuma utumbo uendelee kufanya kazi. Mwendo huo ukipungua, maji hufyonzwa kutoka katika chakula kilichobaki tumboni, chakula hukauka na kugandamana, bakteria waharibifu hupata nafasi ya kuzaliana na kutoa gesi, gesi huleta maumivu, na maumivu humfanya sungura azidi kukataa chakula. Kwa sababu hiyo huduma huanza mara moja, na jina la ugonjwa hutafutwa huku huduma ikiendelea.

Tofautisha kwanza utumbo mvivu na utumbo ulioziba

Kabla ya kumpa chakula kwa nguvu, ni lazima ujue kama utumbo umepunguza mwendo tu au umeziba kabisa, kwa kuwa chakula kinachomwokoa sungura wa kundi la kwanza kinaweza kumuua wa kundi la pili. Utumbo unaopunguza mwendo huanza polepole: kwa siku moja au mbili vidonge vya kinyesi huwa vidogo, vyeusi na vigumu, pengine vikiwa vimeungana kwa nywele, sungura huchagua majani laini na kuacha nyasi kavu, kisha huacha vyote. Utumbo ulioziba hauna utangulizi huo. Sungura aliyekula vizuri asubuhi hukutwa mchana amejikunyata pembeni, masikio yamepoa, anasaga meno kwa sauti, na tumbo lake, hasa upande wa kushoto nyuma ya mbavu, limevimba na kukaza kama ngozi ya ngoma. Huyu apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, akiwa amefunikwa asipoe, na asilishwe kitu chochote njiani.

Kipimajoto cha kawaida cha kidijitali ni chombo ambacho kila mfugaji anapaswa kuwa nacho. Mpakate sungura mapajani, miguu yake ya nyuma ikiwa imeshikwa vizuri ili asipige teke na kujivunja mgongo, paka ncha ya kipimajoto mafuta ya mgando, kisha uiingize taratibu kwenye njia ya haja kubwa kwa kina cha takriban sentimita 2. Joto la kawaida ni kati ya nyuzi 38.5 na 40. Likishuka chini ya 38 sungura anahitaji kupashwa joto bila kuchelewa, na likiwa chini ya 37 maisha yake yamo hatarini.

Kuna kipimo kingine ambacho wafugaji wengi hawakijui, ingawa kifaa chake kinapatikana katika zahanati na maduka mengi ya dawa, nacho ni kipimo cha sukari ya damu wanachotumia watu wenye kisukari. Daktari akitoa tone la damu kwenye mshipa wa sikio na kukuta sukari imepanda kupita milimoli 20 kwa lita, uwezekano wa kuziba kwa utumbo ni mkubwa. Sungura mwenye utumbo mvivu huwa na sukari iliyopanda kidogo tu kwa sababu ya hofu na maumivu. Pale ambapo mashine ya eksirei iko mbali, muulize daktari wako kama anaweza kukipima.

Huduma ya nyumbani

Ikiwa tumbo ni laini, sungura anafahamu yanayomzunguka na daktari amekubali kwamba utumbo haujaziba, kazi ya kwanza ni joto. Jaza maji ya moto katika chupa ya plastiki, iviringe kwa taulo au kanga iliyokunjwa mara mbili, uiweke ubavuni mwake na umwachie nafasi ya kusogea pembeni akizidiwa. Usimlishe sungura aliyepoa. Mngoje apate joto kwanza, kwa kuwa utumbo baridi haupokei chakula. Kwa mfugaji wa Dar es Salaam au Mombasa katika miezi ya joto kali shida huwa kinyume chake: sungura anahema haraka na masikio ni ya moto mno. Huyo ahamishiwe kwenye kivuli chenye hewa na masikio yake yapanguswe kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, yasiyo ya barafu.

Maji yanafuata. Sungura mwenye afya hunywa karibu mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, naye mgonjwa mara nyingi hanywi kabisa. Mwekee maji katika bakuli zito badala ya chupa ya kunyonya, maana wengi hunywa zaidi wakiinamia bakuli, na umpe majani mabichi yaliyosuuzwa na kuachwa na matone ya maji. Daktari anaweza kumdunga maji ya dripu chini ya ngozi ya mgongo, na kwa maoni yangu hakuna huduma ya kliniki yenye faida ya haraka kuliko hiyo, kwa sababu maji hulainisha kile kilichogandamana tumboni.

Chakula cha kusaidia hutengenezwa kwa kusaga pelleti za sungura, yaani chakula cha dukani kilichoshindiliwa kuwa punje ndogo, ziwe unga laini na kuziloweka katika maji ya uvuguvugu hadi upate uji unaopita kwenye bomba la sindano lililotolewa sindano. Unga wa mahindi, uji wa lishe, maziwa na ugali uliolainishwa havifai, kwa kuwa ni wanga na sukari ambazo bakteria waharibifu huzifurahia. Mviringe sungura kwa taulo, kichwa kikibaki nje, miguu yake yote minne ikiwa chini na mwili umekaa wima wa kawaida, usimlaze chali. Ingiza ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, katika pengo lililo nyuma ya meno ya mbele, na usukume nusu mililita hadi mililita moja tu, kisha ungoje. Utaona taya likizunguka na koo likimeza. Hapo ndipo unaongeza. Ukisukuma kwa haraka, uji huingia mapafuni. Kiasi cha kuanzia ni takriban mililita 10 kwa kila kilo, mara nne au tano kwa siku, na daktari atakueleza lini uongeze. Nyasi kavu ziwe mbele yake muda wote, na siku atakapovuta ujani mmoja mwenyewe, ujue utumbo unaamka.

Maumivu yasipotulizwa, hayo yote huzaa matunda machache. Madaktari wengi hutumia meloksikamu, ambayo dozi yake kwa sungura haifanani na ya mbwa, kwa hiyo usijikadirie. Dawa za kuchochea mwendo wa utumbo ziko mikononi mwa daktari pia, naye hazitoi mpaka ahakikishe kwamba hakuna kilichoziba. Matone ya kuondoa gesi ya watoto wachanga, yenye simethikoni, hayafyonzwi mwilini na ni nadra kumdhuru sungura, ila yasikufanye uone kwamba umeshamtibu.

Dawa na ushauri wa kukataa

Nasema hili kwa uzito wote: usimpe sungura amoksilini kwa mdomo. Ni dawa inayopatikana kirahisi, mtu huinunua kwa nia njema akiona mnyama anaharisha, nayo huwaua bakteria wema wa utumbo na kuwapisha bakteria wa jamii ya klostridia, ambao sumu yao humwangusha sungura ndani ya siku chache. Ampisilini na klindamaisini zina hatari hiyohiyo. Ikiwa daktari asiyezoea sungura amekuandikia mojawapo, mwulize kwa heshima kama ipo nyingine badala yake. Daktari mwema hatachukia.

Juisi ya nanasi na vipande vya papai hutajwa sana kuwa huyeyusha nywele zilizokwama tumboni. Haviyeyushi nywele, na sukari yake humwongezea mgonjwa gesi. Sungura wote humeza nywele wanapojilamba, na nywele hizo hupita salama utumbo unapofanya kazi. Zikikusanyika, jiulize ni kitu gani kilichousimamisha utumbo.

Kutafuta chanzo kilichojificha

Katika magonjwa mengi ya tumbo yanayoitwa ya ajabu, chanzo kipo ila hakijatazamwa. Anza na kinyesi. Kidonge kizuri kina upana wa karibu sentimita moja, kina rangi ya kahawia iliyofifia, na ukikivunja kwa vidole utaona vipande vya nyasi vilivyokauka, bila harufu kali. Aina ya pili ni kinyesi laini, cheusi, chenye utelezi na kilichoshikana katika vichala, ambacho sungura hukila moja kwa moja kutoka mwilini mwake, hasa usiku na alfajiri, ili apate vitamini na protini. Ukikikuta kimebaki sakafuni au kimeganda nyuma yake, usikimbilie kusema anaharisha. Huenda anakula pelleti au pumba nyingi mno, amenenepa hadi hafiki nyuma, au mgongo unamuuma. Kuharisha kwa kweli, yaani maji matupu yasiyo na umbo, ni nadra kwa sungura aliyekomaa, na kwa kitoto kunaweza kuua kwa siku moja.

Kwa watoto na kwa sungura waliotoka kwenye mabanda yenye msongamano, shuku koksidia kabla ya kingine. Vimelea hivi huleta tumbo kubwa, mwili mwembamba na kinyesi chenye ute, na aina mojawapo hushambulia ini. Peleka kinyesi kibichi cha siku hiyo maabara kikapimwe kwa hadubini. Ampuroliamu na dawa za salfa zinauzwa kwenye maduka ya pembejeo, lakini bila usafi wa kila siku hazifiki mbali, kwa sababu mayai ya vimelea huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili ndipo yaweze kuambukiza. Ukifagia banda kila asubuhi unakuwa umekata njia hiyo.

Kisha meno. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na yale ya nyuma hayaonekani kwa kuinua mdomo tu. Ncha kali ya jino la nyuma huchoma ulimi, sungura hupunguza nyasi kwanza, na tumbo ndilo linaloonekana kuumwa. Ikiwa tatizo hurudi kila baada ya wiki kadhaa, mwombe daktari aangalie meno ya nyuma kwa kifaa chenye taa kabla ya kupima kingine.

Kagua pia ulichomlisha katika siku tatu zilizopita, ukikiandika katika daftari pamoja na uzito wake, idadi ya vidonge na hali ya hewa. Majani ya mvua yaliyorundikwa kwenye gunia yakapata joto huchachua tumbo. Wafugaji wazoefu huyaanika kivulini yanyauke kwanza. Majani ya kando ya barabara au ya shamba lililonyunyiziwa dawa, majani ya mparachichi, na majani ya nyanya na viazi mviringo ni sumu. Mashona nguo, ukoka na majani ya viazi vitamu kwa kawaida hayana neno, yakiongezwa kidogokidogo.

Zipo hali ambazo sayansi yenyewe haijazimaliza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wafugaji wa Ufaransa, kisha wa nchi nyingine za Ulaya, wamekuwa wakipoteza sungura wachanga walioachishwa kunyonya kwa ugonjwa wa tumbo kujaa maji na ute, na kisababishi chake hasa hakijathibitishwa licha ya utafiti mrefu. Kwa hiyo daktari akikuambia kwamba hajui chanzo, hilo peke yake si dalili ya uzembe. Kinachofaa kukutia wasiwasi ni daktari asiyejua na asiyetaka kupima.

Baada ya kupata nafuu

Endelea na uji hadi vidonge virudi ukubwa wake, kisha uupunguze kwa siku mbili tatu. Nyasi kavu, kama vile Boma Rhodes inayouzwa kwa robota, ziwe angalau asilimia 80 ya chakula chake. Pelleti zisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na lusini, jani la jamii ya kunde, iachiwe sungura wadogo wanaokua. Mkate na biskuti viondolewe kabisa, hata kama watoto wa nyumbani wanapenda kumpa. Mtoe bandani kwa saa kadhaa kila siku, kwa kuwa kutembea huusaidia utumbo.

Na ikiwa sungura amekufa licha ya juhudi zote, huku wengine wakibaki bandani, usimzike kabla hajafanyiwa uchunguzi. Mweke katika mfuko safi ndani ya friji, bila kumgandisha, na umpeleke siku hiyohiyo au kesho yake. Kwa Tanzania zipo maabara za Wakala ya Maabara ya Veterinari, pamoja na hospitali ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Sokoine mjini Morogoro. Kwa Kenya upo Kabete, kwenye kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mkabidhi mtaalamu daftari lako na umwombe achunguze ini, tumbo na mfuko wa utumbo mpana; madoa meupe kwenye ini huelekeza kwenye koksidia, na waliobaki wanaweza kuanza tiba jioni hiyohiyo.