Kuingiza intaneti ya simu kwenye kompyuta bila kumaliza bando

Kuwasha hotspoti, yaani simu kugawa intaneti yake kwa Wi-Fi, ni kazi ya dakika moja. Kinachomaliza bando ni kompyuta: ikiona Wi-Fi inadhani intaneti haina kikomo, inaanza kushusha masasisho ya Windows na kupandisha mafaili OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. GB 2 za asubuhi zinaweza zisifike saa sita mchana. Usiruke hatua ya 3.

1. Kwenye Android, washa data. Ingia Mipangilio, sehemu ya mtandao na intaneti, fungua hotspoti. Badilisha jina lake, maana jioni kwenye hosteli za UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) utakuta simu kadhaa zinatangaza jina lilelile la kiwandani, na utaishia kuingiza nywila yako kwenye simu ya jirani. Nywila isipungue herufi 8, ulinzi uwe WPA2 au WPA3.

2. Hapohapo chagua bendi, yaani masafa ya Wi-Fi. 2.4 GHz inapenya kuta vizuri zaidi na inasomwa hata na laptop za zamani. 5 GHz ina kasi lakini haifiki mbali. Laptop isipoliona jina ambalo simu nyingine zinaliona, rudisha 2.4. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata, washa "Maximize Compatibility", inafanya kazi hiyohiyo.

3. Unganisha kompyuta, na kabla ya kufungua ukurasa wowote ingia kwenye sifa za mtandao huo wa Wi-Fi, uwashe "Metered connection" (muunganisho wenye kikomo). Windows itaacha kushusha masasisho mengi yenyewe. Mpangilio huu unashikamana na jina la hotspoti: ukibadilisha jina kesho, uwashe upya. Video za YouTube haziguswi na hili, punguza mwenyewe ubora wake hadi 480p.

Sasa simu uiweke wapi? Isikae karibu na kompyuta, ikae penye mtandao. Ukiwa kijijini Bahi au Chamwino, chumba cha tofali kinaweza kuwa na 3G huku dirishani kukiwa na 4G. Iache simu dirishani, laptop ibaki mezani. Ila jua la mchana la Dodoma lisiipige: hotspoti peke yake inaipasha moto, na simu ikizidi kuchemka inapunguza kasi au inajizima. Funga pazia, vua kava.

Kompyuta ya mezani isiyo na Wi-Fi, kama zilizo nyingi kwenye steshenari, tumia waya wa USB. Chomeka, kisha kwenye mipangilio ya hotspoti washa kusambaza mtandao kwa USB (USB tethering). Simu nayo inachaji. Kitufe kikiwa kimefifia, badilisha waya kwanza: waya nyingi za bei rahisi ni za kuchaji tu, ndani hazina nyaya za data.

Hotspoti ikikataa kuwaka, angalia Kiokoa Data (Data Saver). Kikiwa kimewashwa, Android hairuhusu kugawa mtandao. Ikijizima yenyewe kila baada ya dakika chache, ondoa mpangilio wa kujizima kusipokuwa na kifaa.

Kompyuta ikisema imeunganishwa lakini haina intaneti, fungua ukurasa kwenye simu. Simu nayo ikigoma, angalia salio la bando. Ikifungua, zima VPN ya simu (programu inayopitisha intaneti kwenye seva nyingine) ujaribu tena. Bado? Ingia kwenye APN (mipangilio ya simu ya kuingia intaneti ya laini yako), nakili kwanza yaliyomo, kisha kwenye aina ya APN ongeza neno dun, linaloruhusu kugawa mtandao, ili isomeke default,supl,dun. Hifadhi, zima na uwashe data.