Kuchagua kazi ya kwanza ya lori ukitoka chuo cha udereva

Chuoni umefundishwa kuondoa gari, kubadili gia na kupiga rivasi katikati ya koni. Hujashuka mlima mrefu na tani 25 nyuma yako, hujangoja siku mbili nje ya ghala, hujafunga turubai mvua ikinyesha. Hayo yote utajifunzia kazini, kwenye gari la mtu na kwa leseni yako. Ndiyo maana kabla ya kuuliza mshahara, muulize mwajiri hivi: nitapanda na dereva gani, kwa muda gani, na nani atasaini kwamba nimeiva kwenda peke yangu?

Jibu la kueleweka lina jina la mtu na idadi ya wiki. "Utazoea tu" si jibu. Sisi tunaanza kuridhika ikifika wiki sita. Chini ya wiki mbili kuna hatari umalize mafunzo hujaona hata mvua. Katika muda huo uwe umeshika usukani gari likiwa limepakia na likiwa tupu (tela tupu huruka na kuteleza upesi ukikanyaga breki ghafla), mchana na usiku, mjini na mteremkoni. Ulizia pia kama mkufunzi analipwa kwa kufundisha. Asiyelipwa atakufanya utingo wa bure: utaosha gari, utakaza mikanda, na usukani utakabidhiwa saa nane usiku yeye akizidiwa na usingizi, saa ambayo hata wewe macho yanafumba na hakuna wa kukusahihisha.

Mzigo na njia

Mizigo haifanani kwa mtu anayeanza. Bidhaa za maboksi ndani ya bodi iliyofungwa ndizo nyepesi kuzizoea: mzigo umetulia, hauhitaji ufundi mkubwa wa kuufunga. Kontena nalo linafaa, ila lina mambo mawili. Kufuli za kona zote nne ukazikague mwenyewe kwa mkono, usiambiwe. Na kwa kuwa limefungwa kwa lakiri (muhuri wa mlangoni), hujui ndani limepangwaje. Ukikata kona kwa kasi huku uzito wote uko upande mmoja au juu, linakulaza.

Bodi ya wazi ya kubebea vyuma na mbao inafundisha mengi, lakini ifuate baada ya mtu kukuonyesha kufunga. Minyororo na mikanda hulegea mzigo ukishakaa vizuri, hivyo kilometa 50 au 80 za mwanzo lazima usimame ukaze upya. Kampuni isiyokupa muda wa kusimama hapo haijui kazi yake.

Tipa huonekana rahisi kwa sababu safari ni fupi. Ajali zake nyingi hutokea gari likiwa limesimama: bodi imeinuliwa kwenye ardhi iliyolala upande, udongo mbichi umeganda upande mmoja juu, na gari linaanguka ubavu. Nyaya za umeme nazo ziko hapohapo juu.

Tangi la maji maji tungekushauri uliache mwaka wa kwanza. Ukisimama kwenye makutano, mzigo haujasimama. Wimbi linakwenda mbele, linagonga kichwa cha tangi na kukusukuma wakati tayari umeshatulia. Tangi lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, na matangi mengi ya vyakula kama maziwa hayana kuta za ndani za kupunguza wimbi, kwa sababu kuta hizo hufanya usafishaji uwe mgumu. Mafuta na kemikali huhitaji kibali cha ziada kwa hiyo pengine hawatakuchukua, na ni sawa. Mifugo iweke kundi hilohilo: ni mzigo unaohama wenyewe.

Kuhusu njia, vijana wengi hukimbilia safari ndefu kwa sababu zina posho. Safari ndefu hukupa kilometa nyingi za barabara iliyonyooka na rivasi moja kila siku mbili. Usambazaji wa mjini ni kinyume chake: rivasi kumi kwa siku, vichochoro, na mikwaruzo ambayo itaandikwa jina lako. Kama unaweza kupata kazi ya kati, yaani kilometa 150 hadi 300 na kurudi yadi ileile jioni, ichukue hata ikiwa mshahara umepungua kidogo. Kila jioni unawakuta madereva wazoefu pale pale, unauliza kilichokushinda leo, na kesho unajaribu tena.

Posho isikudanganye, piga hesabu

Malipo ya kilometa yanavutia yakitajwa kwa mdomo. Chukua safari ya kilometa 900 kwenda na 900 kurudi. Lori lenye mzigo, ukijumlisha milima, miji na vizuizi, ni nadra lizidi wastani wa kilometa 50 kwa saa, kwa hiyo usukani ni saa 36. Sasa ongeza foleni ya kupakia saa 14, mizani saa 6, kushusha saa 18, kutafuta mzigo wa kurudi saa 10. Jumla saa 84, na zinazolipwa ni 36. Katika kila saa saba unazokaa na gari, tatu tu zina hela. Uliza waziwazi: kungoja kunalipwa kuanzia saa ya ngapi? Kurudi bila mzigo kunalipwa kiasi gani? Gari likiharibika njiani, nakula nini?

Hesabu ya pili ni ya mafuta, na hapa ndipo mishahara ya wageni huishia. Kampuni nyingi huweka kiwango cha kilometa kwa lita, ukizidisha unakatwa. Wakikupa kiwango cha 2.8 na gari kwa kweli linakwenda 2.4, safari hiyo ya kilometa 1,800 imepangiwa lita 643 na italamba 750. Pengo la lita 107 ni lako. Kabla ya kukubali, omba rekodi ya mafuta ya gari lenyewe kwa miezi mitatu iliyopita, siyo wastani wa magari yote.

Ratiba nayo ina hesabu yake. Barani Ulaya dereva haruhusiwi kupita saa nne na nusu bila mapumziko ya dakika 45, na kwa kawaida saa 9 za usukani kwa siku. Marekani ni saa 11 za usukani, zote ndani ya saa 14 tangu uanze kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Hata kama kwenu sheria hailindwi hivyo, tumia namba hizo kama rula. Mwajiri anayetaka uondoke saa kumi na mbili jioni na ufike kilometa 780 asubuhi yake saa kumi na mbili anakutaka wastani wa 65 kwa saa, usiku kucha, bila kusimama hata kukojoa.

Gari utakalopewa

Omba kuliona gari lenyewe, namba fulani, siyo jipya lililoegeshwa karibu na ofisi. Dereva mgeni kwa kawaida hupewa lile ambalo wengine wamelikataa.

Breki za upepo zinapimwa kwa dakika tano. Weka vizuizi kwenye magurudumu. Washa injini hadi upepo ujae na vali iteme upepo uliozidi, kisha izime injini, achia breki ya kuegesha, kanyaga breki ya mguu kwa nguvu na ushikilie dakika moja. Kwa kichwa na tela, baada ya ule mshuko wa kwanza, mshale wa geji ya upepo usishuke zaidi ya psi 4 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo). Halafu washa swichi bila kuwasha injini, kanyaga na kuachia mara nyingi: taa au king'ora cha onyo lazima kije kabla ya kufika psi 60, takriban baa 4. Ikiwa king'ora kimekatwa waya ili kisipige kelele, na utakuta, shukuru kwa muda wao na uondoke.

Kwenye matairi, ya mbele ndiyo ya kuangalia kwanza. Kiwango cha chini cha Marekani ni kina cha mifereji ya tairi cha milimita 3.2 kwa matairi ya usukani na 1.6 kwa mengine. Soma tarehe ubavuni: tarakimu nne za mwisho, kama 3521, ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Ingiza mkono kati ya matairi pacha, yakigusana yanachomana. Muulize fundi wa yadi, si meneja, ni lini breki za tela zilirekebishwa. Meneja atakujibu "juzi tu".

Mkataba

Soma vipengele vya makato kuliko vya mshahara. Uharibifu wa gari unakatwa kwa uamuzi wa nani, na una nafasi ya kujitetea? Mzigo ukipungua ilhali lakiri haijavunjwa, deni ni la nani? Ukikamatwa mizani kwa ekseli moja kuzidi wakati jumla ya uzito iko sawa, nani analipa faini na kazi ya kusogeza mzigo? Katika nchi nyingi dereva naye hushtakiwa, na kosa hilo linabaki kwenye rekodi yako.

Kama kampuni inadai uirudishie gharama za mafunzo ukiacha mapema, deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi. Lile linalobaki zima hadi siku ya mwisho ya mwaka ni mtego. Leseni halisi usiikabidhi kwa mtu, nakala inatosha.

Bima watu huisahau. Baadhi ya bima za magari makubwa hazimkubali dereva aliye chini ya umri fulani au asiye na uzoefu wa miaka kadhaa, au zinaacha sehemu kubwa zaidi ya hasara bila kulipwa. Taka kuona kwa maandishi kwamba kampuni ya bima imekukubali kuendesha gari hilo. Wakisita hapo, tatizo lipo.

Siku ya majaribio

Wakikupa ufunguo bila kukupima, hawajali nani anaendesha. Wakikupima, wanaangalia mambo madogo: umezunguka gari kabla ya kupanda, umerekebisha kiti na vioo, umeshuka kuangalia nyuma kabla ya rivasi. Kushuka mara mbili si aibu. Kugonga geti ndiyo aibu.

Ukiwa hapo, kaa kidogo getini jioni magari yakirudi. Waulize madereva na matingo wana muda gani pale. Kama kila mmoja ana miezi mitatu au minne, uliza waliotangulia walikwenda wapi.

Ukianza kazi, shika daftari lako mwenyewe: tarehe, namba ya gari, kilometa za kuanza na kumaliza, lita ulizojaza, saa za kungoja, na kila ubovu ulioripoti na jina la uliyemwambia. Na kila unapokabidhiwa gari, kabla hujagusa ufunguo, lipige picha pande zote nne, matairi, na dashibodi ikionyesha kilometa na mafuta. Zitume kwa simu kwa msimamizi saa ileile, ili mkwaruzo uliokuwepo jana usiwe wako leo.