Namna ya Kumtafutia Marashi ya Maua Mtu Asiyependa Harufu ya Maua

Ukikaa nusu saa tu katika duka la manukato pale Darajani, Unguja, hutakosa kumsikia mteja akimwambia muuzaji, "Niletee chochote, ila yasiwe ya maua." Mteja huyo huondoka na kichupa cha mafuta ya udi, kisha akapita kwa muuza viungo akanunua karafuu, akazinusa na kuzisifu, wala hafikirii kwamba karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua. Mpemba yeyote aliyewahi kukaa jioni akichambua karafuu na makonyo analijua jambo hili kwa vidole vyake, lakini likifika kwenye marashi husahauliwa. Kwa sababu hiyo huwa nasita kuikubali kauli ya mtu anayesema hapendi maua. Nimeona mara nyingi kwamba kinachomkera ni kitu kilichotiwa pamoja na ua ndani ya chupa, au ni ua moja tu kati ya mengi, au ni wingi wa marashi aliyojimwagia mtu aliyeketi karibu naye kwenye daladala.

Kabla ya kununua chochote, basi, itafute kwanza lawama yenyewe. Jiulize ni harufu gani hasa inayokuchukiza, na ulikutana nayo wapi. Mimi nilikaa miaka mingi nikiwa sitaki kusikia habari ya waridi. Kwetu mrashi huzungushwa kwenye maulidi watu wakarashiwa viganjani, lakini marashi hayo hayo ya mawaridi hunyunyizwa juu ya sanda, na kafuri huwa haiko mbali. Nilifiwa na bibi yangu nikiwa mdogo, na tangu siku ile kila nilipolinusa waridi lililo peke yake nilirudi katika chumba kile na mikeka yake iliyokunjwa ukutani. Nilipolielewa hilo ndipo nilipotambua kwamba ua lenyewe halikuwa na kosa. Nilichokuwa nikikikimbia ni maji ya waridi yasiyochanganywa na kitu, na waridi lililokaa na udi halikunipeleka msibani hata siku moja.

Wengine lawama yao ni utamu. Marashi mengi ya kike yanayouzwa siku hizi huunganisha asumini au waridi na harufu za matunda, vanila na sukari iliyoungua, na mwisho wake mtu hunukia kama kashata iliyoachwa juani. Anayesumbuliwa na jambo hili hana haja ya kuyaacha maua. Anahitaji kumwambia muuzaji kwamba anataka marashi makavu, yasiyo na vanila wala matunda. Wako wanaolalamikia unga, yaani ile harufu ya poda ya mtoto na sabuni ya kuogea, na hao wajihadhari zaidi na airisi, vayoleti na miski za kutengenezwa, ambazo ndizo mara nyingi huileta.

Wako pia wanaosema kwamba maua yana uvundo, na hao hawasemi uongo. Asumini, tuberosi na ua la mdanzi, yaani mchungwa mchungu, vina kemikali iitwayo indoli, ambayo ikiwa kidogo hulipa ua uhai na unene, na ikizidi hukumbusha vidonge vya nondo vinavyowekwa kabatini, au kitu kichafu zaidi ambacho muungwana haoni vyema kukitaja katika mazungumzo ya marashi. Ukitaka kulithibitisha hilo bila kutumia shilingi, chuma asumini magharibi zikiwa bado tumba, uziweke kwenye kisahani chumbani. Usiku zitafunguka na kukijaza chumba, na ukizinusa adhuhuri ya kesho yake, zikiwa zimeanza kugeuka rangi, utakuta utamu ule umeelekea kwenye kuoza. Mwenye pua kali huusikia uozo huo tangu usiku, wakati wengine bado wanasifu. Huyo asishauriwe kabisa kuanza na mafuta mazito ya asumini, hata kama muuzaji ataapa kwamba ndiyo bora dukani.

Ukishaijua lawama, ingia kupitia kitu unachokipenda tayari. Kwa mtu wa visiwani, mlango ulio wazi zaidi ni karafuu. Harufu ya karafuu hutokana zaidi na kemikali iitwayo eujenoli, na eujenoli hiyo hiyo imo kwa kiasi kidogo ndani ya waridi na ndani ya ua la langilangi; ndiyo maana waridi na karafuu zikikutana huwa kama jamaa wa ukoo mmoja. Wanawake wetu walilijua hilo kabla ya kemia kulieleza, kwani singo anayosuguliwa bibi harusi hupondwa kwa maua pamoja na karafuu. Huko Ufaransa, mtunzi wa marashi Dominique Ropion alitengeneza mwaka 2010 marashi yaitwayo Portrait of a Lady kwa ajili ya kampuni ya Frédéric Malle, ambayo yamejaa waridi lakini yamebanwa na karafuu, pachuli (majani yenye harufu ya udongo) na ubani hata likawa waridi la giza na la moshi. Bei yake inatisha, nami sikuyataja ili ukayanunue. Nimeyataja kwa sababu mchanganyiko wa namna hiyo unaweza kumwomba muuzaji wa mafuta akujaribishie, kwa tone la waridi, tone la pachuli na alama ndogo mno ya karafuu. Karafuu iwe ya mwisho na iwe kidogo, kwa kuwa huimeza harufu nyingine yoyote, na mafuta yake halisi yasipakwe mwilini bila kuchanganywa na mafuta mepesi, kwani huunguza ngozi.

Mlango wa pili ni udi, nao ndio uliowaingiza wengi ninaowafahamu. Udi una uchungu, una ukavu na una kitu cha mnyama ndani yake. Waridi lina utamu na lina uchachu kidogo. Vikiwekwa pamoja, udi huunyonya utamu wa waridi, na waridi hulainisha ukali wa udi, na mtu akinusa hushindwa kusema kwa yakini kama amenusa ua au mti. Watu wa Ghuba wameuzoea mchanganyiko huu kwa vizazi vingi, na kampuni ya marashi ya Amouage, iliyoanzishwa Oman mwaka 1983, imejijengea jina kwa kukutanisha maua na ubani. Ukipata mtu anayerudi umra, mwombe akuletee kiasi kidogo cha mafuta ya waridi la Taif, ambalo lina ukali wa limau na pilipili kuliko waridi la kwenye sabuni. Lakini ujue kwamba kilo moja ya mafuta halisi ya waridi huhitaji kilo 3,000 za petali au zaidi, kwa hiyo kichupa kinachouzwa kwa bei ya soda hakiwezi kuwa na waridi halisi. Hilo pekee si aibu, kwa sababu mafuta mazuri ya kutengenezwa yapo. Aibu ni kuuziwa kwa jina la halisi.

Asiyependa mambo mazito na aangalie upande wa majani na ndimu. Mdanzi ni mti wa ajabu katika habari hii. Maua yake yakikenekwa kwa mvuke hutoa neroli, mafuta mepesi yenye uchungu na ubichi. Maua hayo hayo yakitolewa harufu kwa viyeyushi hutoa kitu kizito chenye asali na indoli nyingi zaidi. Na majani yake pamoja na vijiti hutoa petigreni, ambayo karibu haina ua. Mtu aliyechukia harufu ya ua la mdanzi kwenye marashi mazito anaweza kuipenda neroli bila kujua kwamba ni ua lile lile. Kolonia za kale, zilizoanzia Köln, Ujerumani, kwenye nyumba ya marashi ya Farina iliyofunguliwa mwaka 1709, zimesimama juu ya malimau, machungwa na neroli, na kwa joto letu sijui kama kuna marashi yanayofaa kuliko hayo saa saba za mchana. Lavenda na jeraniamu zimo katika kundi hili pia. Lavenda ni ua lenye tabia ya dawa ya majani, na jeraniamu ni majani yenye harufu ya waridi lililochanganywa na mnanaa. Anayependa rehani huzielewa zote mbili mara moja.

Wanaume wengi husema kwamba maua ni ya wanawake, na kwao nina mfano mmoja tu. Eau Sauvage ya Christian Dior, iliyotungwa na Edmond Roudnitska mwaka 1966, imekuwa ikihesabiwa marashi ya kiume ya limau kwa miaka yote hii, na siri yake ni kiambato kiitwacho Hedione, kilicho na nasaba na kemikali iliyomo ndani ya asumini. Hedione huipa ile limau hewa na mng'ao, na ina ua lisilo na uzito wala indoli. Asiyependa asumini aijaribu hiyo kabla ya kutoa hukumu yake.

Langilangi nimeliacha nyuma kwa makusudi. Ni jirani yetu, kwa kuwa Komoro, hasa Nzuwani, ni miongoni mwa nchi zinazotoa mafuta yake kwa wingi, na miti yake imo katika mashamba ya viungo ya Unguja. Lina ndizi mbivu, lina maziwa, lina viungo, vyote kwa pamoja na kwa sauti kubwa. Mtunzi Ernest Beaux alilitia katika marashi ya Chanel No. 5 mwaka 1921, pamoja na asumini na waridi, lakini aliyafunika maua hayo kwa kemikali ziitwazo aldehaidi, ambazo huleta baridi na harufu ya nguo iliyofuliwa ikaanikwa. Bila ya kitu cha kulituliza, langilangi litamthibitishia asiyependa maua kila alichokuwa akikishuku. Lisubiri mpaka pua yako iwe imekubaliana na mengine.

Sasa twende dukani. Nenda asubuhi, ukiwa hukujipaka kitu, na usivae nguo iliyofukizwa udi, kwani utanunua harufu ya nguo yako. Usinuse zaidi ya marashi manne kwa safari moja. Wauzaji wengine hukupa buni unuse ili pua ipumzike, lakini kunusa mkono wako mwenyewe au kutoka barazani kwa dakika chache kunatosha. Nusa kwanza kwenye karatasi, na yale yaliyokuvutia tu ndiyo uyapake, moja kila mkono, kwenye kifundo. Halafu ondoka. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu humaliza biashara ndani ya dakika tano za mwanzo, ambazo ni za limau na spiriti, na ua lenyewe hujitokeza baada ya robo saa au nusu saa, kisha kinachobaki mpaka jioni ni miti, miski na utomvu. Muuzaji mmoja mtu mzima aliwahi kuniambia, "Mwanangu, hela haziozi, nenda kaswali, upike, urudi kesho ukiwa bado unayataka." Sijapata ushauri bora zaidi dukani, na ulitoka kwa mtu aliyekuwa akipoteza mauzo.

Kumbuka pia kwamba joto na unyevu wa hapa huyapandisha marashi haraka kuliko katika nchi za baridi yanakotungwa mengi ya chupa. Marashi ambayo Paris hupulizwa mara nne, Wete yanatosha mara moja, na lawama ya kwamba maua yanapiga kichwa mara nyingi ni lawama ya kipimo. Ukiwa mgeni wa maua, puliza mara moja kifuani chini ya nguo, ili harufu ipite kwenye kitambaa kabla ya kukufikia. Mafuta yasiyo na spiriti hukaa karibu na mwili na hayasambai sana, kwa hiyo humfaa zaidi mtu anayejaribu. Nunua robo ya tola, ambayo ni kama gramu tatu, na usikubali kuuziwa chupa nzima. Usiyapake kwenye kanzu nyeupe wala buibui la hariri, kwa kuwa doa lake halitoki. Kama dalili zako ni kubanwa na kifua au kuwashwa ngozi, na hutokea kwa marashi ya kila aina, basi tatizo hilo ni la daktari, na mwongozo huu hautakufaa.

Njia ninayoitumia mimi kwa mgeni anayekataa kabisa ni hii. Ninafukiza nguo yake kwa chetezo, udi kidogo tu, na nikiiacha ipoe ninampaka tone moja la mafuta ya waridi nyuma ya masikio, simwambii ni nini. Udi ndio anaousikia kwanza, na waridi humjia akigeuza shingo. Ayavae hivyo siku tatu, moja wapo iwe siku ya shughuli yenye watu na joto. Siku ya nne asipopakwa, mtazame: akiuliza kichupa kiko wapi, mpe jina la ua. Akiwa ameshakwenda kuoga ili harufu itoke, mafuta hayo mpe mwingine, na safari ijayo mwanzishie kwenye neroli.