Somo: Safari ya pigo moja la moyo, kutoka mkandani hadi kwenye saa

Wengi hudhani mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo hurusha mapigo yenyewe hadi kwenye saa. Mikanda ya zamani ndivyo ilivyofanya. Ya siku hizi hutuma hesabu iliyokwisha kupigwa. Tulifuate pigo moja.

Hatua ya 1. Moyo ukijikaza hutoa umeme mdogo, kama milivolti 1 ukifika kwenye ngozi. Elektrodi mbili za mkanda huudaka. Ngozi kavu haiupitishi vizuri, kwa hiyo lowesha mkanda kwanza. Mate yanatosha, usione haya.

Hatua ya 2. Chipu hutafuta ncha kali ya kila pigo na kupima muda hadi ncha inayofuata. Sekunde 0.8 ni sawa na mapigo 75 kwa dakika.

Hatua ya 3. Hapa njia zinaachana. Mkanda wa zamani, kila pigo likipiga, koili yake hutoa mtikisiko wa sumaku wa takribani kilohezi 5, unaofika kama mita 1, na saa ndiyo inayohesabu. Mkanda wa ANT+, njia ya redio ya vifaa vya michezo, hutangaza kwenye gigahezi 2.4, takribani mara 4 kwa sekunde, na kila kifaa cha ANT+ kilicho karibu husikia. Mkanda wa Bluetooth huunganishwa na simu au saa kwanza, kisha hutuma kifurushi kama hiki:

16 75 51 3

16 inasema "nimebeba pia muda kati ya pigo na pigo". 75 ni mapigo. Muda wenyewe ni 51 + (3 × 256) = 819, na kila kimoja ni 1/1024 ya sekunde. Gawanya: 0.8. Mimi hapa ndipo niliacha kuuona mkanda kama uchawi.

MASWALI

Nikiogelea saa haisomi kitu. Mkanda umekufa?
Hapana. Maji humeza gigahezi 2.4 ndani ya sentimita chache tu. Sumaku ya kilohezi 5 hupenya, ndiyo maana waogeleaji wengine bado wanang'ang'ania mikanda ya zamani.

Nikikimbia bega kwa bega na mwenzangu, saa yangu ya zamani inaruka hadi 190!
Haijui pigo ni la nani, inahesabu yote. Achaneni kidogo, au tafuta mkanda unaotuma kwa msimbo.

Simu inauona mkanda, kompyuta haiuoni. Bluetooth zote mbili.
Mikanda mingi hukubali kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Funga programu ya kwenye simu kabisa, kisha jaribu tena.