Namna ya Kumpata Wakili Anayefaa Baada ya Kuumia

Majeruhi wengi huambiwa na ndugu zao watafute wakili mzuri, ilhali swali linalotangulia ni nani anayepaswa kulipa, kwani jibu lake ndilo linaloonyesha ni wakili wa aina gani anayehitajika.

Aliyeumia kazini nchini Tanzania asikimbilie mahakamani. Madai yake huanzia kwa mwajiri na kupelekwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), nayo yanapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali itokee. Kwa maoni yangu, wakili si wa lazima hadi pale Mfuko unapoyakataa madai au unapokadiria ulemavu kwa kiwango kisichoridhisha. Hapo atafutwe aliyezoea mashauri ya kazi, hata kama jirani anamsifu sana wakili aliyemshindia kesi ya kiwanja.

Ajali ya barabarani ina njia nyingine. Anayehitajika ni wakili wa kesi za madai aliyezoea kuvutana na kampuni za bima, kwa sababu bima ya kumlinda mtu wa tatu, yaani mtu mwingine anayeumizwa na chombo hicho, ni ya lazima kwa chombo cha moto kinachotembea barabarani. Nenda kwake ukiwa na PF3 (fomu ya polisi kwa majeruhi), taarifa za matibabu, stakabadhi za dawa na namba ya usajili ya gari, kisha usikilize anaanza kuuliza nini. Anayetaka kwanza kujua tarehe ya ajali na kama gari lilikuwa na bima hai siku hiyo anaijua kazi yake. Anayekutajia mamilioni kabla hajafungua hata karatasi moja ni wa kuagana naye mapema. Tarehe ina uzito, maana shauri la kudai fidia kwa uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3.

Iwapo uliumizwa na gari la serikali au kwa uzembe katika hospitali ya umma, muulize wakili kuhusu notisi ya siku 90 inayotangulia kuishtaki serikali. Akibabaika, tafuta mwingine. Kwa madai ya uzembe wa kitabibu, muulize pia ni daktari gani wa fani husika atakayetoa ushahidi.

Kuna pia vishoka, yaani watu wanaojifanya mawakili, ambao hawakosekani wodini wakiwa na fomu tayari kwa kusainiwa. Kabla ya kusaini chochote, tafuta jina la wakili katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ili uone kama ana leseni hai ya mwaka huo. Makubaliano ya ada yaandikwe, yakieleza bayana nani atagharimia ripoti za madaktari na fedha za fidia zitapitia akaunti gani. Kampuni ya bima ikikuletea hati ya kukiri kwamba umelipwa haki zako zote, wakili huyo aisome kwanza, kwa kuwa ukishaisaini ni vigumu sana kudai zaidi, hata mguu ukihitaji upasuaji wa pili.