Jinsi ya kumsikia Freddie Mercury kabla hajawa Mercury: hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kuhamisha sauti kutoka kwenye santuri na kaseti za zamani kuziingiza kwenye kompyuta. Nyingi ninazoletewa ni taarabu, mawaidha na harusi za watu. Lakini kila msimu wa wageni hakosi mtu anayetoka Shangani, Mji Mkongwe, kutazama makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, akapita kwangu na swali lilelile: "Huna zile alizorekodi hapahapa Unguja?"

Sina, na sijui mtu aliye nazo. Zipo nyingine za mapema, za Uingereza, kati ya mwaka 1969 na 1973, kabla ulimwengu haujamjua. Tatizo ni kwamba ukizitafuta kwa jina la Freddie Mercury utaletewa kila kitu isipokuwa hizo. Zimelala chini ya majina mengine. Hivi ndivyo ninavyomwelekeza mtu anayetaka kuzifikia.

Hatua ya 1: Andika majina yake yote kabla hujagusa kompyuta

Chukua karatasi. Juu andika Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Bomi na Jer, Waparsi wenye asili ya Gujarat. Akiwa na umri wa miaka minane alipelekwa India, shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, na huko wenzake wakaanza kumwita Freddie. Mwaka 1963 alirudi Unguja. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, karibu na London. Kwa hiyo mstari wa pili ni Freddie Bulsara, na ndivyo alivyojulikana alipokuwa mwanafunzi wa sanaa Ealing. Jina la Mercury alilichukua mwaka 1970.

Pembeni andika majina ya makundi: The Hectics, Ibex, Wreckage, Sour Milk Sea, Queen. Halafu acha mstari mmoja wazi chini kabisa, tutaujaza.

Kila wimbo utakaoupata, lipe faili jina kwa kuanza na tarehe ya kurekodiwa, si tarehe ya kutolewa: mwaka, mwezi, siku, kundi, wimbo. Kompyuta itazipanga yenyewe. Ukifuata tarehe za kutolewa utavurugikiwa, kwa sababu nyimbo za 1969 zilikuja kutolewa mwaka 2000.

Hatua ya 2: Ondoa kisicho chake

The Hectics kifute mapema. Lilikuwa kundi la wanafunzi pale Panchgani, yeye akipiga piano, na hakuna santuri waliyoacha.

Kinachowaponza wengi ni Smile. Hilo lilikuwa kundi la Tim Staffell pamoja na Brian May na Roger Taylor, wawili ambao baadaye waliunda Queen na Freddie, na mwaka 1969 lilitoa Marekani santuri ndogo yenye wimbo "Earth" upande mmoja na "Step on Me" upande wa pili. Lebo ya santuri ile imeandikwa Mercury kwa herufi kubwa, kwa sababu kampuni iliyoitoa ni Mercury Records. Muuzaji akiona Mercury, akaona na majina ya watu wa Queen, anaitangaza kuwa ni ya Freddie. Si yake. Anayeimba ni Staffell. Freddie alikuwa rafiki yao na mshabiki wao, basi.

Lakini usiitupe. Isikilize mara mbili tatu ili sauti ya Staffell ikukae masikioni. Ni laini, ina adabu, haipandi juu bila sababu. Itakufaa mbele.

Hatua ya 3: Anza na ukumbi wa Liverpool

Agosti 1969 Freddie alijiunga na Ibex, vijana wa Liverpool waliokuwa London wakibahatisha maisha. Tarehe 9 Septemba walipiga kwenye klabu iitwayo Sink, Liverpool, na rafiki wa bendi akawarekodi kwa mashine ya nyumbani ya kanda za magurudumu. Wimbo mmoja wa usiku ule, "Rain" wa Beatles, ulitolewa rasmi mwaka 2000 kwenye kasha kubwa la kazi zake binafsi, The Solo Collection. Tafuta hiyo rasmi. Nakala zinazozungukazunguka mtandaoni zimebanwa mno, na kanda yenyewe tayari ilikuwa mbovu.

Vaa hedifoni, punguza besi. Mara ya kwanza utasikia fujo tu: ngoma na gitaa vimerundikana pamoja, sauti inatokea kwa mbali kama mtu anayeimba chumba cha pili. Usikate tamaa. Rudia, na safari hii fuata mwisho wa kila mstari wa wimbo. Wapiga muziki wengi wa ukumbini mwisho wa mstari huuacha uanguke, wanatafuta pumzi. Huyu haachi. Anauvuta, anautetemesha, wakati mwingine anaukosa kidogo na bado hauachii. Ana miaka 23 tangu siku nne tu, hana jina, na anaimba kama aliyelipiwa uwanja. Mimi sisemi kwamba ni uimbaji mzuri. Ni mkubwa kuliko chumba kile, na hapo ndipo raha yake ilipo.

Ukimaliza, sikiliza "Green", ya mwaka huohuo, kanda ya mazoezi iliyo kwenye kasha hilohilo. Imeandikwa Wreckage, lakini kundi ni lilelile la Ibex limebadili jina. Inasimuliwa kuwa Freddie aliwapigia simu wenzake mmojammoja, akimwambia kila mmoja kwamba wengine wote wameshakubali.

Sour Milk Sea, kundi lake la mwanzoni mwa 1970, hakuna wimbo wake uliofika sokoni. Songa mbele.

Hatua ya 4: Linganisha studio mbili

Mwaka 1971 studio za De Lane Lea, zilizokuwa zimehamia Wembley, zilihitaji bendi ya kupiga kelele ili mafundi wapime vyumba na mitambo. Queen walijitolea, na malipo yao yakawa ni kurekodi bure. Zikatoka nyimbo tano: "Keep Yourself Alive", "The Night Comes Down", "Great King Rat", "Jesus" na "Liar". Ziliambatanishwa na albamu yao ya kwanza ilipotolewa upya mwaka 2011.

Zoezi ni hili. Weka "Keep Yourself Alive" ya 1971, kisha ile ya albamu ya 1973 iliyorekodiwa kwenye studio ya Trident. Ya mwanzo inafunguliwa na gitaa la kawaida lisilo na umeme, na bendi inaingia kama watu wanaotazamana usoni. Ya pili imesafishwa mpaka jasho limekauka. Brian May mwenyewe amesema anaipenda zaidi ile ya kwanza, na mimi niko upande wake. "The Night Comes Down" usihangaike kuilinganisha namna hiyo: iliyomo kwenye albamu ni ileile ya De Lane Lea, hawakuirekodi upya.

Sasa rudi kwa Staffell niliyekwambia umhifadhi. Tarehe 5 Februari 1973, miezi mitano kabla albamu haijatoka, Queen walirekodi nyimbo nne BBC, mmojawapo "Doing All Right", ambao May na Staffell waliutunga enzi za Smile. Imo kwenye mkusanyiko wa On Air wa 2016. Sikiliza Freddie anavyoingia: polepole, kwa upole, karibu amfanane mwenye wimbo. Ndipo utajua alikuwa akijua kujizuia pia. Watu humsifu kwa kupaza sauti, hii ya kujizuia hawaitaji.

Hatua ya 5: Jaza ule mstari uliobaki wazi

Andika Larry Lurex.

Mwaka 1972 Queen walikuwa wakirekodi Trident, mtaa wa Soho, lakini kwa saa ambazo wateja wenye pesa hawakuzihitaji, usiku wa manane mara nyingi. Robin Geoffrey Cable, aliyekuwa akifanya kazi palepale, alikuwa na mradi wake: kutengeneza upya "I Can Hear Music", wimbo wa The Ronettes wa 1966 ambao Beach Boys nao waliurudia 1969, kwa ule mtindo wa mtayarishaji Phil Spector wa kurundika ala mpaka ziwe ukuta. Akamwona Freddie, akamwomba aimbe. May akapiga gitaa, Taylor akashika ala za kugonga. Upande wa pili ukawekwa "Goin' Back" wa watunzi Goffin na King.

Kampuni ya EMI wakaitoa Juni 1973, wiki chache tu kabla ya albamu ya Queen ya Julai. Kutumia jina la Mercury kungechanganya watu, kwa hiyo wakabuni moja la mzaha. Mwimbaji Gary Glitter ndiye aliyekuwa akitamba wakati ule, jina la kumetameta. Lurex nao ni uzi wa kumetameta, ule unaofumwa kwenye vitambaa vya sherehe. Santuri haikuuzika.

Isikilize bila kufikiria Queen. Kwenye "I Can Hear Music" sauti imewekwa ndani ya muziki, si juu yake, na inabidi uichambue kama unavyochambua mchele. "Goin' Back" ndiyo hazina. Anaanza chini, karibu na kunong'ona, kisha anapanda bila kulazimisha. Hakuna mbwembwe hata moja.

Hatua ya 6: Ukitaka kununua, chukua tochi

Kwa kuwa haikuuzika, nakala halisi ni chache, na pesa inapokuwa nyingi wajanja hawakosi. Mimi nilipigwa. Muuzaji mmoja wa mtandaoni, jina silitaji, aliniuzia EMI 2030, ndiyo namba ya santuri hiyo ya Larry Lurex, "ya 1973", nikalipa na gharama za posta juu yake.

Siku ilipofika niliiegemeza chini ya tochi, mwanga ukiingia kwa ubavu. Tazama ile sehemu laini kati ya mfereji wa mwisho na karatasi ya lebo. Kwenye santuri za EMI za Uingereza za miaka ile, namba za hapo ziligongwa kwa mashine: zimesimama sawasawa, kina kimoja. Yangu zilikwaruzwa kwa mkono, kama jina la mwanafunzi kwenye dawati. Maandishi ya lebo nayo yalikuwa na ukungu pembezoni, dalili ya karatasi iliyopigwa picha kutoka karatasi nyingine. Mtake muuzaji picha ya sehemu hiyo kabla hujalipa. Akisema kamera yake mbovu, ondoka.

Uliyonayo, isafishe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, lebo isilowe. Spiriti usiizoee, maana siku utakayoipaka kwenye santuri ya taarabu ya zamani, zile za shelaki, utaiona inayeyuka mbele ya macho yako.

Hatua ya 7: Funga na "Mother Love"

Mei 1991, huko Montreux, Uswisi, Freddie aliimba "Mother Love" akiwa mgonjwa sana. Beti mbili alizimaliza. Ya mwisho hakurudi kuiimba, na Brian May ndiye aliyeiimba. Alifariki tarehe 24 Novemba mwaka huo, na wimbo ukatolewa 1995 kwenye albamu ya Made in Heaven.

Usiuzime gitaa linapoanza kufifia. Unapita umati wa uwanjani ukimwitikia, kisha mkanda unakimbizwa kasi, na ghafla anaingia kijana mwenye sauti nyepesi, mstari mmoja tu wa "Goin' Back". Ni Larry Lurex, wa 1972, amekatwa pale Trident na kupachikwa hapa. Baada yake, kilio cha mtoto mchanga.

Mfumo wangu wa tarehe ulinishinda hapo. Faili lile nimelinakili mara mbili: moja liko folda ya 1991, la pili liko folda ya 1972, jirani na santuri feki niliyouziwa, ambayo nayo niliihamisha kwenye kompyuta, maana sauti ni yake.