Vanguard, iShares au SPDR? Mimi huanza na fahirisi

Mtu akiniuliza anunue ETF (mfuko wa uwekezaji unaouzwa kama hisa sokoni) ya kampuni gani, namrudishia swali: unataka kufuata fahirisi ipi, yaani orodha ipi ya hisa? Kwa S&P 500, fahirisi ya kampuni kubwa 500 za Marekani, hakuna haja ya kuumiza kichwa. VOO ya Vanguard na IVV ya iShares zinatoza 0.03% kwa mwaka, yaani dola 3 kwa kila dola 10,000. SPY ya State Street, wenye jina la SPDR, iliyoanza mwaka 1993, inatoza 0.0945%. Wanaonunua na kuuza kila siku huipenda kwa wingi wa biashara yake. Wewe unayekaa miaka ishirini wingi huo wa nini?

Kazi ipo kwenye mifuko ya nje ya Marekani. Vanguard hufuata fahirisi za FTSE, iShares kwa sehemu kubwa MSCI, na watunga fahirisi hao wawili, FTSE na MSCI, hawakubaliani kuhusu Korea Kusini. FTSE imeihesabu nchi iliyoendelea tangu 2009; MSCI bado inaiweka kwenye masoko yanayoibukia. Sasa chukua VEA ya Vanguard kwa nchi zilizoendelea, uongeze IEMG ya iShares kwa zinazoibukia: Samsung unayo mara mbili. Geuza, chukua IEFA ya iShares na VWO ya Vanguard, na Korea nzima imekuponyoka. Dalali wako hatakuambia. Ndiyo maana kwa sehemu hii nasisitiza ukoo mmoja wa fahirisi, hata kama mfuko wa jirani una ada ndogo kidogo.

Kama si raia wala mkazi wa Marekani, tazama mfuko umesajiliwa wapi kabla hata ya kutazama ada. Msimbo wa ISIN, yaani namba ya utambulisho wa mfuko, unaanza na US (Marekani) au IE (Ireland)? Mfuko wa Marekani hukatwa kodi ya zuio (inayokatwa kabla hujalipwa) ya 30% kwenye gawio lako kama nchi yako haina mkataba wa kodi na Marekani, na ukifariki, mali yako ya huko inayozidi dola 60,000 inaweza kudaiwa kodi ya mirathi. Mfuko wa Ireland hulipa 15% kwenye gawio la hisa za Marekani, na haumo kwenye kodi hiyo ya mirathi. Kampuni zote tatu zina mifuko ya Ireland, nayo mingi ina toleo linalorudisha gawio kazini lenyewe. Ada zake huwa juu kidogo. Mimi nailipa bila kinyongo.

Ukibaki na mifuko miwili inayofanana, linganisha mapato yake ya miaka mitano na ya fahirisi yenyewe. Pengo hilo ndilo gharama halisi, maana ada iliyotangazwa haihesabu kila kitu.

Na ukishanunua, usihame kwa sababu mpinzani amepunguza 0.01%. Kuuza kunaweza kukuletea kodi ya faida. Acha ya zamani ilale, pesa mpya ndiyo uielekeze kwingine.